Babu na Bibi Waliovuka Mto Mara

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa asome somo hili tena pole pole baada ya kusikiliza, kisha wanafunzi wazungumze juu ya maswali yaliyo mwishoni.

  Leo nawasalimu hasa wanafunzi wa wilaya za Tarime na Serengeti, katika Mkoa wa Mara, maana mifano ya somo letu inatoka kwao. Lakini ninyi wa mikoa mingine msifunge redio. Kila ukoo una mtu aliyetangulia kufyeka pori, na kila shamba lina makaburi yake.

Chukueni madaftari na kalamu. Somo la leo ni hili: jinsi ya kutafuta habari za mume na mke waliouanzisha mji wenu. Tutazitafuta mahali pawili. Pa kwanza ni katika karatasi za ardhi. Pa pili ni katika makaburi na vitabu vya mazishi.

Kabla hatujaanza, andikeni sentensi mbili ubaoni:

Karatasi ya shamba humtaja mume.
Kaburi humtaja mke.

Sentensi hizo mbili ndizo somo letu lote. Mtu akisoma karatasi za shamba peke yake, atapata nusu ya wazee wake. Atamwona babu, naye bibi atakuwa kama hakuwako. Lakini bibi alikuwako. Alishika jembe, alipanda ulezi, alizaa, akazikwa. Tukitaka kumwona, hatuna budi kusoma karatasi zote mbili na kuziweka pamoja.

Pengine mtu atauliza, Mambo haya ya zamani yatatufaa nini? Yatatufaa sana. Mzee akifa, siku arobaini hazijapita, mara nyingi maneno huanza. Mjane huulizwa, Wewe shamba hili ulilipata wapi? Binti huambiwa, Wewe umeolewa, huna kitu hapa. Yule aliyejua ukweli amekwisha kuzikwa. Hapo ndipo daftari lenye majina, miaka na mipaka linapokuwa na thamani kuliko kelele za watu kumi.

HABARI ZA SAFARI YENYEWE

Wakurya wanakaa pande mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya. Mpaka huo haukuwekwa na wao. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya wakachora mstari kutoka pwani mpaka Ziwa Nyanza, na mstari ukapita katikati ya koo. Kwa hiyo msishangae mkiona kwamba nusu ya habari za ukoo wenu iko Tarime, na nusu nyingine iko kwa ndugu walio upande wa Kenya.

Kusini mwa Tarime unapita Mto Mara. Mto huu unaanza katika milima ya Mau huko Kenya, nao unaingia ziwani karibu na Musoma. Ng'ambo ya mto, upande wa kusini, ni nchi ambayo leo ni Wilaya ya Serengeti, na mji wake mkuu ni Mugumu. Katika miaka ya 1950 jamaa nyingi za Wakurya ziliondoka katika vilima vya Tarime, ambako mashamba yalikuwa yamebanana, zikavuka mto na kuanza mashamba mapya upande wa Mugumu. Wengine walikwenda na ng'ombe. Wengine walikwenda na jembe na mbegu tu. Walifyeka pori, walipigana na mbung'o na wanyama wa mwituni, walipanda ulezi, mtama na mihogo.

Hao ndio tunaowaita waanzilishi. Lakini tuseme kweli yote. Nchi ile haikuwa tupu. Wangoreme, Wanata, Waikoma, Waisenye na wengine walikuwa wenyeji wa nchi hiyo tangu zamani, nao wana mahame yao na makaburi yao. Kwa hiyo mtu anapotafuta habari za babu yake aliyefyeka shamba, aulize pia, Babu alimkuta nani hapa? Nani alimwonyesha mahali pa kukaa? Majibu ya maswali hayo yataondoa ugomvi mwingi.

ANZA NA WAZEE WALIO HAI

Usianze ofisini. Anza nyumbani. Karatasi itakungoja, mzee hatakungoja.

Sikilizeni mazungumzo haya mafupi. Mjukuu amemwendea bibi yake akiwa na daftari. Hawa ni watu wa mfano tu, kwa hiyo hatuwapi majina.

Mjukuu: Shikamoo, bibi.

Bibi: Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na kitabu leo?

Mjukuu: Ndiyo, bibi. Nataka kuandika habari zenu. Mlipovuka mto kuja huku, mama alikuwa amezaliwa?

Bibi: Alikuwa mgongoni. Nilivuka naye maji yakiwa magotini, babu yako ametangulia na ng'ombe.

Mjukuu: Na mjomba?

Bibi: Mjomba wako alizaliwa hapa hapa, mwaka wa Uhuru. Siku hizo tulikuwa tumekwisha kuhama shamba la kwanza, tuko shamba la pili, lile lenye mkonge.

Mjukuu: Shamba la kwanza liliachwa kwa nini?

Bibi: Mtoto wetu wa pili alikufa pale. Babu yako hakutaka kukaa tena.

Basi, ndugu zangu, angalieni jinsi mjukuu alivyouliza. Hakumwuliza bibi, Mlivuka mwaka gani? Bibi hakuhesabu miaka kwa namba. Alimwuliza juu ya watoto, na kwa watoto miaka hupatikana. Katika maneno machache amepata mambo manne: mama alivuka akiwa mchanga, mjomba alizaliwa mwaka 1961, kulikuwa na mashamba mawili, na liko kaburi la mtoto katika shamba la kwanza. Hilo kaburi la mtoto hakuna karatasi ya shamba itakayolitaja. Ni mama peke yake aliyelikumbuka.

Miaka mingine ya kupimia ni nzige wa mwanzo wa miaka ya 1930, vita vya mwaka 1939 hadi 1945, Uhuru wa mwaka 1961, Azimio la Arusha la mwaka 1967, na vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979.

Wakurya wana kipimo chao kingine, nacho ni kizuri sana. Kila kundi la vijana waliotahiriwa pamoja, ambalo huitwa esaro, hupewa jina, na mara nyingi jina hilo latokana na jambo lililotokea wakati ule. Tena kila mtu huzaliwa katika kizazi chake. Upande mmoja ni Chuma, Mairabe, Gini na Nyangi. Upande mwingine ni Saai, Nyamburiti, Gamunyeri na Maina. Baba akiwa wa Mairabe, mtoto wake ni wa Gini.

Kwa nini mambo haya ni muhimu? Kwa sababu ya majina. Katika Tarime majina kama Chacha, Marwa na Mwita, au Boke, Gati na Robi, yamo karibu katika kila mji. Ukikuta karatasi imeandikwa Chacha Marwa, usiruke kwa furaha ukasema, Huyu ndiye babu. Pengine kijiji kile kilikuwa na watu watano wenye jina hilo. Uliza: Chacha Marwa wa ukoo upi? Wa esaro ipi? Mume wa nani? Jina la mke ndilo litakalomtenga babu yako na Chacha wengine wote.

Tena ulizeni habari za nyumba. Mzee mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, na kila nyumba ilikuwa na mashamba yake na ng'ombe wake. Watoto walirithi kwa nyumba ya mama yao. Kwa hiyo anayeandika, Babu alikuwa na shamba moja kubwa, hajamaliza kazi. Aandike: shamba la nyumba ya kwanza, la nyumba ya pili, la nyumba ya tatu.

Pia iko desturi ya nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aweza kutoa mahari na kuoa mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na wairithi. Mtu asiyejua desturi hiyo akikuta katika habari za ukoo kwamba aliyetoa ng'ombe wa mahari ni mwanamke, atadhani mwandishi alikosea. Hakukosea. Andikeni kama ilivyokuwa, bila kuona haya.

KARATASI ZA SHAMBA

Sasa twende kwenye karatasi. Wengi wenu mtasema, Sisi babu yetu hakuwa na hati. Ni kweli. Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1923, wakati wa utawala wa Waingereza, wakulima wengi wa Tanganyika walikaa katika mashamba yao kwa desturi, bila hati yo yote. Lakini mtu asiye na hati aweza kuwa na karatasi nyingine. Zitafuteni hizi:

Ya kwanza ni stakabadhi ya kodi. Wazee waliziweka stakabadhi hizo vizuri, katika kopo au mkoba wa ngozi, maana asiyekuwa nayo alipata taabu. Stakabadhi inaonyesha jina, mwaka, na mahali kodi ilipolipwa. Lakini angalieni jambo moja. Wakati wa kodi ya nyumba, mtu mwenye wake zaidi ya mmoja alilipia nyumba zaidi ya moja. Mke alihesabiwa, lakini hakutajwa. Hivyo stakabadhi aweza kuwamo bibi bila jina lake kuwamo.

Ya pili ni kitabu cha chama cha ushirika. Waliolima kahawa katika vilima vya Tarime, au pamba katika nchi ya chini, waliuza mazao yao kwa vyama. Karatasi ya kupimia mazao yaonyesha mkulima na mwaka wa mavuno. Ni ushahidi kwamba mwaka ule shamba lilikuwa linalimwa.

Ya tatu ni daftari la mahakama. Kabla ya Uhuru kesi ndogo zilikwenda kwa mabaraza ya machifu. Uchifu wa serikali ulifutwa mwaka 1963, na kesi hizo zikaenda Mahakama ya Mwanzo. Kesi za mipaka hutaja mashamba ya jirani. Kesi za mahari hutaja idadi ya ng'ombe, jina la mke, na jina la baba yake. Kesi za mirathi hutaja marehemu, wajane na watoto. Basi hapa, katika kesi za ng'ombe na za mirathi, jina la mwanamke huonekana. Msizipite.

Ya nne ni daftari la ardhi la kijiji, pamoja na mihtasari ya mikutano ya kijiji. Mwone mtendaji wa kijiji.

Ya tano ni karatasi za serikali za zamani, zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Dar es Salaam. Humo mna vitabu vya wilaya vilivyoandikwa kwa Kiingereza na mabwana shauri. Msitegemee kumkuta babu yenu humo. Mtakuta zaidi habari za machifu, kodi, desturi na mipaka. Lakini habari hizo husaidia kueleza kwa nini watu walihama mwaka fulani.

Mnapotafuta, kumbukeni kwamba majina ya wilaya yamebadilika. Tarime iliitwa Mara Kaskazini, katika Jimbo la Ziwa. Wilaya ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1974, na Wilaya ya Rorya ilitengwa na Tarime mwaka 2007. Mtu anayetafuta karatasi ya Serengeti ya mwaka 1958 hataipata kwa jina hilo. Aitafute kwa majina ya zamani, Musoma au Mara Kaskazini.

MAKABURI NA VITABU VYA MAZISHI

Wakurya huzika nyumbani. Kwa hiyo kaburi laonyesha mji ulikuwa wapi. Lakini miji mingi haiko tena mahali pake. Kati ya mwaka 1973 na mwaka 1976 watu wa vijijini nchini Tanzania walihamishwa wakakae pamoja katika vijiji vya maendeleo. Mkoa wa Mara pia ulihama. Nyumba zilibomolewa, ng'ombe walisukumwa, lakini makaburi yalibaki. Mahali hapo palipoachwa ndipo tunapoita mahame, au matongo.

Utayajuaje matongo? Tafuta safu ya mkonge au minyaa iliyosimama peke yake. Tafuta mawe ya kusagia. Tafuta mahali ambapo majani ni mabichi kuliko pengine, maana huenda palikuwa zizi la ng'ombe. Kaburi la zamani halina saruji. Ni mawe yaliyokusanywa, na pengine mti umeota juu yake. Nenda pamoja na mzee anayepajua, nawe omba ruhusa kwa mtu anayelima hapo sasa. Usichimbe. Usihamishe jiwe hata moja. Kama matongo yamo ndani ya hifadhi au pori la akiba, pata kwanza kibali cha wakubwa wa hifadhi.

Ukifika, chora ramani ndogo. Weka mto, njia, kilima, na mti mkubwa. Hesabu hatua kutoka kaburi moja hadi jingine. Andika: hapa babu, hapa bibi wa nyumba ya kwanza, hapa mtoto asiyekuwa na jina. Naam, na huyo mwandike.

Kaburi la siku hizi lina saruji na maandishi. Yasome, lakini kwa hadhari. Mara nyingi mwaka wa kufa ni wa kweli, maana watoto waliushuhudia. Mwaka wa kuzaliwa mara nyingi ni wa kukisia. Kaburi likisema bibi alizaliwa mwaka 1920, tafuta ushahidi wa pili kabla hujauamini.

Ushahidi wa pili utaupata wapi? Kwanza kanisani, kama wazee wako walikuwa Wakristo. Wamenoniti walianza kazi Shirati mwaka 1934, nao wana hospitali huko hata leo. Mapadre wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946, na Jimbo Katoliki la Musoma lilianzishwa mwaka 1957. Parokia ya Kikatoliki huweka vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu. Katika kitabu cha ubatizo yameandikwa majina ya baba na ya mama pia. Tena pembeni mwa jina huongezwa habari ya ndoa ya mtu huyo hapo baadaye. Hivyo mstari mmoja waweza kukupa mama mzazi, mwaka, na mume. Vitabu vya zamani vina maneno ya Kilatini, basi mwombe padre akusomee.

Wale ambao wazee wao hawakuwa wa dini yo yote ya kitabu wasikate tamaa. Ng'ombe wa mahari ni kitabu chao. Uliza ng'ombe wa bibi walitoka zizi gani na walikwenda zizi gani. Waliowapokea wanakumbuka.

Pili, uliza habari za cheti cha kifo. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwalazimu Waafrika wakati wa ukoloni, kwa hiyo wazee wengi hawana cheti. Siku hizi kazi hiyo ni ya RITA, ofisi ya serikali iliyoanza mwaka 2006, na unaweza kuuliza kwa Mkuu wa Wilaya. Kama mzee amefariki na hana cheti, msikae. Kiombeni sasa, wakati waliomzika wangali hai.

KUUNGANISHA HABARI

Sasa turudi kwa mjukuu wetu. Tuseme amepata karatasi tatu. Ya kwanza ni kitabu cha ubatizo cha upande wa Tarime, kinachosema mama yake alizaliwa mwaka 1955, na mama wa mtoto ametajwa kwa jina lake. Ya pili ni stakabadhi ya kodi ya babu ya mwaka 1957, iliyotolewa ng'ambo ya mto, upande wa Mugumu. Ya tatu ni ramani yake mwenyewe ya matongo mawili, lile la kaburi la mtoto na lile lenye mkonge.

Na tufikiri pamoja. Bibi alisema mtoto alikuwa mgongoni. Basi walivuka baada ya mwaka 1955. Babu alikwisha kulipa kodi upande wa pili mwaka 1957. Basi walivuka kabla ya mwaka huo kwisha. Safari ilikuwa kati ya mwaka 1955 na mwaka 1957. Mjomba alizaliwa mwaka 1961 katika shamba la pili. Basi shamba la kwanza lilikaliwa miaka michache tu, nalo ndilo lenye kaburi la mtoto.

Mnaona? Stakabadhi peke yake ilimtaja babu. Kitabu cha ubatizo kilimtaja bibi. Kaburi la mtoto lilionyesha mahali. Kumbukumbu ya bibi ndiyo kamba iliyovifunga vitu hivyo pamoja. Kimoja kikikosekana, mzigo unafunguka.

Katika daftari lako, kila habari iandike pamoja na mahali ilipotoka. Andika: Bibi alisema. Andika: Nimeona katika stakabadhi. Andika: Nimekisia. Usiyachanganye hayo matatu, maana siku moja mtu atakuuliza, Umejuaje?

SHERIA YA ARDHI INASEMAJE

Hapa nawaomba msikilize kwa makini. Kujua habari za shamba la babu si sawa na kupewa shamba hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inasema kwamba ardhi waliyogawiwa watu wakati wa kuhamia vijijini, tangu Januari 1970 hadi Desemba 1977, waligawiwa kwa halali. Kwa hiyo mtu asichukue ramani ya makaburi akaenda kumfukuza jirani aliyepewa shamba hilo mwaka 1974. Atavunja sheria, na pengine atamwaga damu. Katika nchi yetu ya Mara damu ya mipaka imekwisha kumwagika ya kutosha.

Basi ushahidi huu wafaa nini? Wafaa kwa shamba mnalolikalia sasa. Wafaa mnapoomba hati ya hakimiliki ya kimila. Wafaa katika mirathi. Wafaa pia kama ardhi inatakiwa kwa barabara, shule au kazi nyingine ya umma. Iko Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayotaka makaburi yahamishwe kwa utaratibu na heshima. Lakini nani atalisemea kaburi lisilojulikana ni la nani?

Akina mama, jambo hili liandikeni kwa herufi kubwa. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo ya mwaka 1999 kinasema kwamba desturi yo yote inayomnyima mwanamke haki ya kupata, kutumia au kumiliki ardhi kwa sababu ya uanamke wake haina nguvu. Desturi nyingine zinadumu, lakini hiyo haina nguvu. Mjane akionyesha kwamba yeye na marehemu walifyeka pamoja, kwamba watoto wao walizaliwa hapo, na kwamba wazee wa nyumba yake wamezikwa hapo, basi hana tena neno lake peke yake, anao ushahidi.

Ugomvi ukitokea, nendeni kwanza kwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina watu saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Pelekeni daftari, pelekeni karatasi, na pelekeni wazee. Panga acheni nyumbani.

Na ninyi mnaoomba hati leo, msiwafanye wajukuu wenu wapate taabu kama yetu. Hati yaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Wake wakiwa wawili au watatu, nao watajwe. Tukifanya hivyo, zile sentensi mbili tulizoandika ubaoni zitakuwa za zamani. Karatasi ya shamba itamtaja mume, nayo itamtaja mke, naye akiwa angali hai kuisoma.

KAZI YA DARASA

Wiki hii kila mwanafunzi afanye mambo matatu. Kwanza, aandike jina la babu na jina la bibi, ukoo wao, na esaro ya babu kama anayo. Mwenye kabila lisilo na esaro aandike kipimo cha kwao. Pili, atafute karatasi moja ya zamani nyumbani, hata kama imechanika, aisome na kuiandika upya daftarini. Asiibandike kwa gundi. Aiweke ndani ya bahasha, mbali na mchwa na maji. Tatu, achore ramani ya makaburi ya nyumbani kwao.

Maswali ya kuzungumza:

1. Je, katika kijiji chetu ni nani wanaokumbuka safari ya kuja hapa? Wamebaki wangapi?

2. Kwa nini jina la mke husaidia kumtambua mume katika karatasi za zamani?

3. Waanzilishi wetu waliwakuta watu gani hapa, na makaburi ya watu hao yako wapi?

4. Tuna hati ngapi za ardhi kijijini zenye majina ya mume na mke? Tufanye nini ili ziongezeke?

Swali la kwanza lisikae mpaka wiki ijayo. Mkitoka darasani leo, kila mtu apitie kwa mzee mmoja amwamkie na kumwuliza neno moja tu: Mlipokuja hapa, ni mtoto gani aliyekuwa mgongoni? Jibu liandikwe usiku huu huu.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji.